TAHARIRI: AHADI YA KIONGOZI IINGIE KITABUNI



Tujifunze kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2002 upande wa Mwai Kibaki na upande wa Raila Odinga walitia saini: tukishinda, vyeo nusu kwa nusu, na Raila awe Waziri Mkuu. Wakashinda. Kibaki akaingia Ikulu, uwaziri mkuu haukuonekana. Karatasi ile haikuwa sheria, basi nani wa kumbana? Mwaka 2005 akavunja Baraza la Mawaziri, kina Raila wakaachwa nje. Uhasama ukakua. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,000 walikufa.

Februari 28, 2008 walipatana tena mbele ya Kofi Annan na Rais wetu wa wakati ule, Kikwete. Safari hii Bunge lilitunga sheria. Raila akawa Waziri Mkuu hadi 2013. Magomvi yalikuwepo, lakini cheo hakikunyang'anywa.

Na sisi wakulima wa pamba hapa Shinyanga je? Mgombea akiahidi kushirikiana na kamati kwenye mizani na fedha, ahadi hiyo isomwe mkutano mkuu, iandikwe kwenye muhtasari, tuipitishe. Akiivunja, tumwulize kwa kitabu, siyo kwa minong'ono kilabuni.

Ahadi ni deni, na deni huandikwa.