Jembe si azabu



Hapa kwetu, sawa katika masomo mengi ya inchi hii, mwanafunzi akichelewa anapewa jembe. Akipiga kelele darasani, jembe. Asiyekosa anakaa kivulini, anamuchekelea. Mimi njo ninashika liste ya wenye kuazibiwa kila juma, na ninaona matunda yake: kila mutu anajifunza kama shamba ni mahali pa wakosaji. Ninasema wazi: desturi hii iishe.

Tusome Biblia vizuri. Katika Mwanzo sura ya 2, Adamu anapewa kazi ya kulima bustani na kuitunza. Zambi inaingia katika sura ya 3. Basi kazi ya shamba ilikuja mbele ya kosa. Miiba na jasho njo vilikuja nyuma. Na Walawi sura ya 25 inaamuru udongo upumuzike kila mwaka wa saba.

Sisi tunautunza namna gani? Mwenye azabu analima mbio mbio ili amalize. Anafuata mutelemuko, toka juu mupaka chini, kisha anachoma majani. Mvua kubwa ikinyesha, udongo mweusi unashuka mutoni. Halafu tunashangaa juu ya nini mahindi ni ya manjano.

Wengine wanasema: tununue mbolea ya mufuko. Kwa franka gani? Mwaka 2022, vita ilipopanuka kule Ukraine, bei ya mbolea ilipanda dunia nzima, juu Urusi inauzisha nyingi sana. Lakini ya bure tunaitupa! Katika biolojia tulifundishwa kwamba mizizi ya maharagi iko na vifundo, na ndani yake vijidudu vinashika azoti ya hewa na kuilisha mumea. Tulijibu vizuri katika interro. Nani kati yetu alikwisha kungoa muharagi mumoja ili avione?

Ninaomba mambo mane. Kwanza, azabu itafutiwe kazi ingine. Pili, kila darasa lipewe kipande chake, na mwalimu wa biolojia atoe points kule. Tatu, maganda ya jikoni, majani na mavi ya mbuzi yarundikwe katika shimo, yageuzwe mara kwa mara. Kisha miezi michache ni mbolea. Ine, tuchimbe mitaro ya kukata mutelemuko, tupande majani marefu pembeni ili yazuie udongo. Na tuchanganye maharagi na mahindi, sawa mama zetu wanavyofanya.

Najua mutajibu: "Tulikuja kusoma ili tuache jembe." Wandugu, minerval ya wengi wetu ilitoka wapi? Mama aliuzisha maharagi na mihogo sokoni. Jembe lile tunaloliita azabu, njo lilitulipia banc tunayokalia.

Sisi wa mwaka wa sita tutafanya Examen d'État, tutaenda zetu. Mavuno ya shimo lile mutayakula ninyi wa nyuma. Hata hivi, tuko tayari kulichimba Siku ya Posho, bila mutu kutuazibu. Tunangojea jibu la Bwana Prefe na la waalimu katika gazeti linalokuja.