Njaa Haijawahi Kuandika Wimbo

Mwaka jana niliitwa kuandika ripoti ya kongamano moja la vijana kwenye hoteli fulani hapa Nairobi. Asubuhi hiyo ilinyesha, na mnajua mvua ikinyesha nauli hupanda mara mbili, kwa hivyo nilipiga mguu kutoka Pangani. Nilifika soksi zimelowa, sijatia kitu tumboni tangu jana yake saa kumi. Jukwaani kulikuwa na mhamasishaji mmoja wa suti ya bluu akitupa siri ya mafanikio: kaeni na njaa. Ukumbi mzima makofi. Akamtaja Steve Jobs, jinsi alivyoacha chuo, na jinsi alivyowaambia wahitimu wa Stanford jambo hilo hilo mwaka 2005. Halafu akaongeza kuwa kuna hata bendi ya roki iliyoiita albamu yake Stay Hungry, ikauza mamilioni baada ya kukataliwa miaka kumi.

"Mnaskia? Miaka kumi! Na nyinyi mnalia baada ya miezi sita."

Bendi hiyo ni Twisted Sister. Naijua, kwa sababu binamu yangu aliniachia flashi iliyojaa roki ya zamani nikiwa kidato cha pili. Na ninasema jamaa alitudanganya. Tarehe zake zilikuwa sawa. Uongo ulikuwa kwenye somo alilolitoa humo.

Tuanze na kile watu wanachokumbuka. Dee Snider, nywele za njano kama za simba, lipstiki, mashavu yamepakwa mpaka basi, mdomo wazi. Video za 1984 ambamo baba mkali anatupwa nje ya dirisha. Wengi huchukulia glam metal hivi: MTV iliwapaka rangi ikawauza, kisha Nirvana ikaja mwaka 1991 ikawazika. Lakini Twisted Sister walikuwa wameshasambaratika mwishoni mwa miaka ya themanini. Nirvana haikuwakuta. Na walipofika MTV, hawakuwa watoto wa juzi.

Bendi ilianzia New Jersey mwishoni mwa 1972, ikachukua jina hilo mwaka 1973. Jay Jay French, mpiga gitaa, alikuwepo tangu mwanzo. Snider aliingia 1976 na ndiye akawa mtunzi. Mkataba wa kwanza wa albamu waliupata 1982, tena kutoka kwa lebo ndogo ya Uingereza, Secret Records, ambayo haikudumu. Atlantic ikawachukua baadaye. Hiyo ndiyo miaka kumi ya jamaa wa suti. Swali ambalo hakuuliza ni moja tu: miaka hiyo kumi walikula nini?

Walikula kazi. Januari 1973, New Jersey ilishusha umri wa kunywa pombe hadi miaka 18. Jirani yao New York ilikuwa 18 tangu zamani. Sasa piga picha: kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kina magari, kina ruhusa ya kuingia baa, na wikendi hakina pa kwenda. Vitongoji vikaota klabu, zingine za kuingiza watu elfu moja na zaidi, na kila klabu ilitaka bendi ya kupiga laivu. Twisted Sister walipiga usiku nne, tano kwa wiki, seti kadhaa kwa usiku mmoja. Mwanzoni walipiga nyimbo za wenyewe, huku wakichomeka zao kidogo kidogo. Watu wanalipa mlangoni, bendi inalipwa, fundi wa taa analipwa. Mwaka 1979 walijaza ukumbi wa Palladium mjini New York, viti karibu 3,000, bila lebo yoyote. Singo zao za mwanzo walizitoa kwa lebo waliyoiunda wenyewe.

Hebu nionyeshe njaa iko wapi hapo. Hiyo ni ajira. Kukataliwa na lebo kuliwauma, sikatai, lakini walikataliwa wakiwa na shoo kesho yake. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayengoja mlango ufunguliwe akiwa ndani ya nyumba yake, na mtu anayengoja akiwa kwenye mvua.

Si ati jambo hili ni geni kwetu. Simba Wanyika na Les Wanyika walikuwa na klabu za Nairobi za kupigia usiku baada ya usiku. Gitaa zile hazikufunzwa kukaa sawa na shida. Zilifunzwa na kazi ya kila siku mbele ya watu waliolipa.

Kisha ngazi ikaondolewa. New Jersey ilipandisha umri hadi 21 mwaka 1983. Mwaka uliofuata serikali kuu ya Marekani ikapitisha sheria ya kuyabana majimbo yote yafanye hivyo, na New York ikafuata 1985. Labda ilikuwa sheria nzuri kwa usalama barabarani, siibishii. Lakini kwa bendi za baa, nusu ya wateja walitoka mlangoni kwa amri. Kijana wa Long Island aliyeunda bendi mwaka 1986 hakuwa mvivu kuliko Snider. Alikosa pa kusimama.

Utaniambia, sawa, lakini si waling'ang'ana? Waling'ang'ana. Wengine pia waling'ang'ana. Good Rats, bendi ya Long Island, walizunguka baa zile zile, walikuwa na mashabiki wa damu na mtunzi mzuri, na hawakuwahi kuwa jina kubwa la kitaifa. Hakuna mhamasishaji anayewataja. Ukihesabu washindi pekee, hata bahati nasibu itaonekana kama mpango wa maisha.

Na fuata hadithi mpaka mwisho. Stay Hungry ya 1984 iliuza zaidi ya nakala milioni tatu Marekani. Septemba 1985 Snider alisimama mbele ya Seneti kutetea nyimbo zake, wazee wakitarajia kituko, akawajibu kwa utulivu hoja kwa hoja. Albamu iliyofuata haikufikia ile. Iliyokuja 1987 ilikuwa ya mwisho kabla ya kuvunjika. Miaka michache baadaye Snider alifilisika, akawa anaenda kazini kwa baiskeli kujibu simu za ofisi. Hapo sasa ndipo palikuwa na njaa yenyewe, na kipindi hicho hakitajwi jukwaani, kwa sababu hakiuzi tiketi.

Kilichoupa wimbo wake maisha marefu ni haki zilizolindwa. Tajiri mmoja wa Australia, Clive Palmer, aliuchakachua kwenye kampeni zake za uchaguzi wa 2019 bila ruhusa. Mwaka 2021 mahakama ikamwamuru alipe dola milioni 1.5 za Australia. Wimbo uliotoka mikononi mwa bendi ya baa ukatetewa mahakamani. Hiyo inaitwa kulipa watu. Haihitaji makofi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Si kama Jobs. Karo iliisha. Tangu hapo naandika kwa yeyote anayetaka maneno, na nimeambiwa "utajulikana" mara nyingi kuliko nilivyoambiwa "tuma namba ya M-Pesa". Ripoti ya kongamano lile ilikuwa maneno 1,200. Malipo yalikuja wiki tatu baadaye kwa barua pepe: cheti cha shukrani, jina langu likikosewa herufi moja. Mwenye keja hapokei vyeti.

Kwa hivyo ninachodai ni kidogo. Acheni kutuambia tukae na njaa. Tuko nayo tayari, na haijatuandikia hata ukurasa. Tupeni ukumbi wenye mlango unaolipisha. Tupeni gazeti lenye bajeti ya waandishi na mkataba unaosomeka. Miaka kumi ya kutafuta tutaitoa wenyewe, hiyo si ngori.

Kongamano lile lilifunguliwa na dada mmoja aliyesoma shairi zuri sana. Jioni tulikutana mlangoni, akaniuliza naelekea wapi. Naye hakuwa na nauli. Tulitembea pamoja mpaka Pangani, akinionyesha mashairi mengine kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Kwa hivyo ukialikwa kwenye kongamano lijalo, na jamaa wa suti akafika kwenye sehemu ya njaa, inua mkono. Muulize leo amelipwa ngapi. Kisha muulize yule aliyesoma shairi amelipwa ngapi.