Kubeba Magunia Si Mazoezi



Katika tawi letu yuko mwenzetu mmoja, mpakiaji katika kiwanda cha kukoboa kahawa, ambaye goti lake la kulia limevimba tangu msimu uliopita. Alipokwenda zahanati ya kiwanda alitolewa damu, na siku ya tatu akaambiwa damu yake haina kasoro, arudi kazini. Alipomwomba nyapara kazi nyepesi, alijibiwa kwamba kubeba magunia ni mazoezi, na mazoezi hujenga viungo. Majibu yote mawili tunayakataa.

Kwanza damu. Vipimo vya kawaida huweza kumsaidia daktari kutambua jongo, au ile baridi yabisi inayoshika viungo vingi pamoja. Lakini goti lililolika kwa mizigo ni jambo jingine. Daktari hulitambua kwa kulishika, kwa kumsikiliza mgonjwa na pengine kwa eksirei. Damu safi si cheti cha goti zima.

Pili mazoezi. Ni kweli yanafaa, wala hatupingi. Ncha za mifupa kwenye kiungo zimefunikwa na gegedu, nalo halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata katika ute wa kiungo, unaoingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiwa, mfano wa sponji. Wataalamu hulifuatilia jambo hili kwa kupima protini ya gegedu iitwayo COMP, ambayo kiasi chake hufika kwenye damu. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005, watu wenye afya walitembea nusu saa tu, na protini hiyo ikapanda kwa kiasi cha asilimia 10. Walipopumzika nusu saa ikashuka. Kwa wakimbiaji wa marathoni hupanda zaidi sana, na huchukua siku moja au mbili kurudi. Na watu waliolazwa kitandani siku 14 bila kusimama, kwao ilipungua.

Basi gegedu hujibu mzigo, na hujibu mapumziko pia. Hata hivyo damu haisemi protini imetoka goti lipi, wala kama ni kazi ya kawaida ya kiungo au ni kuumia. Juu ya hilo wataalamu wenyewe wangali wanabishana. Kwa hiyo mwajiri asije kesho na kipimo kipya akitumie kuchagua nani aajiriwe na nani aachishwe.

Mkimbiaji akimaliza mbio hukaa chini. Mpakiaji hupanda ubao wa lori na gunia mgongoni, hushuka mikono mitupu, hupanda tena, siku sita kwa wiki, na atakayeamua lini apumzike si yeye. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba kuinua mizigo mizito, kupiga magoti na kuchuchumaa kwa miaka mingi huongeza hatari ya goti kulika. Mazoezi ya kupimwa, yale ya kuimarisha misuli ya mapaja, hupunguza maumivu hata kwa aliyekwisha kuugua. Mguu ni ule ule. Na yule nyapara hatujapata kumwona akifanya mazoezi yake ya gunia.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 juu ya uzito wa mizigo, pamoja na Pendekezo namba 128 linalotaja kilo 55 kuwa kikomo cha mwanamume mzima, na kwa mwanamke pungufu zaidi. Gunia la kahawa ni kilo 60.

Katika mazungumzo yajayo na mwajiri tunadai mikokoteni, mapumziko mafupi katikati ya zamu, na kubadilishana kazi ili mtu mmoja asibebe kutwa nzima. Kila mwenye goti bovu ajiandikishe kwa katibu wa tawi, ataje uzito anaobeba na miaka aliyobeba. Orodha hiyo ndiyo tutakayoiweka mezani.