Heshima Haimo Katika Sahani ya Ghali

Twasikia ya kuwa baadhi ya vijana wetu wa Unguja, wafikapo London, huona haya kula mkate na samaki bustanini. Huingia mahoteli, ambako mara nyingi bei huongezwa 12.5 kwa mia kwa ajili ya utumishi; hununua maji ya chupa, na hali sheria tangu 2010 yawaamuru wenye leseni ya pombe kutoa ya bomba bure. Kisha huandika nyumbani, na mama aliye shamba huuza karafuu zake.

Je, hii ndiyo heshima? Wageni wa Ulaya huketi Forodhani usiku, wakala mishikaki na urojo hadharani, wala hakuna awadharauye. Ndugu wasomaji, tuwaambie wana wetu: kula kwa uchache si aibu, aibu ni kula jasho la mama.