Mtoto Atapikaye na Chupa ya Dukani

Msomaji, huenda umekwisha kutumwa kazi hii, na kama hujatumwa bado, zamu yako yaja. Mtoto mdogo wa nyumbani ametapika tangu alfajiri. Mama amechoka kufua shuka na kanga; noti moja yafunguliwa kutoka katika pindo la leso, nawe wakimbizwa dukani kununua dawa ya kutapika. Katika miji ya Busia na Malaba mwendo huo ni mfupi, maana mipakani maduka ya dawa hayakosekani. Hata ukitaka waweza kuvuka hatua chache ukawa Uganda, ukapata chupa nyingine ya rangi nyingine kwa bei nyingine. Muuzaji haulizi mengi. Watoa fedha, wapokea chupa, warudi mbio huku wajiona umeokoa maisha.

Desturi hii naipinga, wala sitaipinga kwa sauti ya chini.

Kutapika si ugonjwa. Ni tarishi wa ugonjwa, aliyekuja na barua mkononi, na mwenye nyumba mwenye akili huisoma barua kabla ya kumfukuza aliyeileta. Barua hiyo yaweza kusema kwamba mtoto amekula chakula kilichoharibika, au ana vijidudu vya tumboni vitakavyopita vyenyewe baada ya siku mbili tatu. Lakini yaweza pia kusema malaria, au homa ya uti wa mgongo, au maradhi ya njia ya mkojo, au utumbo uliojifunga, au kichwa kilichogonga sakafu jana na hakuna aliyeona. Busia ni miongoni mwa kaunti za ukanda wa ziwa ambako malaria haina likizo. Huko mtoto mwenye joto na matapishi hapana budi apimwe damu. Chupa ya dukani haijui tofauti ya mambo haya yote. Kazi yake ni moja tu: kumziba tarishi mdomo. Nyumba ikatulia, mama akapumua, na ugonjwa ukaendelea na shughuli zake ndani kwa ndani.

Wauguzi hufundishwa dalili chache za hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano: asiyeweza kunywa wala kunyonya, atapikaye kila kitu anachopewa, aliyepatwa na degedege, aliyelegea sana au kupoteza fahamu. Tazama dalili ya pili. Mtoto wa namna hiyo hapaswi kupelekewa chupa. Yeye mwenyewe apelekwe hospitali, saa hiyo hiyo. Na dawa za malaria nazo zina sheria yake: mtoto akizitapika ndani ya nusu saa, kipimo kile hurudiwa. Nani atakumbuka hilo nyumbani ikiwa aliyeuza hakusema?

Sasa tuizungumze chupa yenyewe. Aghalabu ndani yake mna promethazini, au metoklopramidi. Promethazini humlaza mtoto usingizi, na kwa sababu hiyo wengi huipenda. Usingizi huo ndio ninaouogopa mimi. Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru onyo zito liandikwe juu ya dawa hiyo: asipewe mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa kuwa yaweza kudhoofisha pumzi hata kuua. Metoklopramidi ina hila nyingine. Yaweza kuipinda shingo ya mtoto, kuyavuta macho yake juu yakakwama, kumtoa ulimi na kumkakamaza mgongo. Mzazi asiyeonywa hudhani ni kifafa, au pepopunda, au pepo. Huenda akamtafuta mganga wa kupunga, na kumbe hospitalini iko dawa ya kuiondoa hali hiyo. Shirika la Dawa la Ulaya lilikataza mwaka 2013 wasipewe kabisa watoto wa chini ya mwaka mmoja, na kwa walio wakubwa kidogo likaiweka dawa hiyo akiba, kwa shida maalumu na kwa siku zisizozidi tano.

Na hata pale dawa inapofaa, kipimo ni jambo jingine. Hupimwa kwa uzito wa mtoto, tena kwa mililita. Kijiko cha chai cha vitabuni ni mililita 5. Vijiko vya majikoni mwetu kila kimoja kina tumbo lake. Mwili wa mtoto wa kilo nane hauna nafasi ya kusamehe kosa ambalo mwili wa baba yake ungelisamehe. Ongeza hapo mambo ya mpakani. Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda ina mamlaka yake, lakini dawa iliyopita njia za panya haijakaguliwa na yeyote. Chupa mbili zenye jina moja zaweza kuwa na nguvu mbalimbali, na vidonge vilivyofungwa katika kipande cha karatasi havina jina, wala kipimo, wala tarehe ya kuharibika.

Najua nitakavyojibiwa. Hospitali ina foleni, nauli ya bodaboda ni fedha, na mtoto akiendelea kutapika atakauka maji. Neno hilo la mwisho ni la kweli, na ndilo lenye jibu la kweli. Mwaka 1971, katika vita vilivyozaa Bangladesh, wakimbizi walimiminika Bangaon, mji wa India ulio mpakani kama ilivyo miji yetu. Kipindupindu kikawaingia, maji ya kutiwa mishipani yakaishia njiani. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa sukari, chumvi na magadi ya kupikia, na vikombe akawapa jamaa zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Wale nao walikuwa wakitapika, msomaji. Walinyweshwa hivyo hivyo.

Maji hayo leo ni pakiti ya unga iliyo rahisi kuliko chupa tunayoigombania. Soma maandishi yake, maana pakiti nyingine hutaka nusu lita ya maji safi na nyingine lita nzima. Mpe mtoto kijiko kimoja kimoja, kila dakika moja au mbili. Kikombe kizima kwa pupa kitarudi chote. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi. Anyonyaye aendelee kunyonya.

Sisemi kwamba kila dawa ya kuzuia kutapika ni adui. Ondansetroni, kipimo kimoja kilichotolewa na tabibu aliyemtazama mtoto, yaweza kumsaidia ashike maji tumboni asihitaji sindano. Ugomvi wangu ni na dawa inayonunuliwa kwa ajili ya mtoto ambaye hakuna aliyemtazama. Kadhalika na wale wapandao basi la usiku kati ya Nairobi na Kampala, wakamnywesha kitoto dawa kabla ya safari ili alale wasiaibike mbele ya abiria. Aketi mbele, atazame nje, ale kidogo. Mfuko na kitambaa vitamaliza yaliyobaki.

Basi utakapotumwa tena, nenda dukani ukiwa unajua umri wa mtoto, uzito wake kama ulivyoandikwa katika kitabu cha kliniki, tangu lini anatapika, ana joto au hana, amekwisha kupewa dawa gani. Omba kwanza pakiti za maji ya chumvi na sukari. Muuzaji akikushurutisha chupa, ngoja uone kama atauliza hata moja katika hayo uliyokuja nayo. Asipouliza, irudishe noti mfukoni, ukamwambie mama avae viatu.