Uhaba wa Kazi Haufuti Haki ya Kibarua

Mtwara, kuanzia Rahaleo hadi bandarini, kijana akilalamikia ujira wa kutwa usio na mkataba huambiwa upesi: mchagua nazi hupata koroma. Wengi wanaosema hivyo ni wazazi wanaoogopa mtoto arudi kijiweni, na hofu yao naiheshimu. Lakini imani yenyewe, kwamba penye kazi chache haki ni anasa na zikidaiwa mwajiri atahama, ni ya uongo. Atahamia wapi? Gesi ya Mnazi Bay, mawe ya chokaa ya saruji na mikorosho haviwezi kuhamishwa. Hata viwanda vya kubangua korosho vilivyofungwa miaka ya 1980 havikuuawa na madai ya wabanguaji. Vilikosa korosho, baada ya wakulima kuhamishwa mbali na mashamba yao, bei kuwavunja moyo na ubwiriunga kuenea. Mavuno yakaporomoka kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Tena, penye kazi tele mnyonge anaweza kuondoka akatafute kwingine. Penye uhaba amebakiwa na sheria tu, na hiyo ndiyo tunayomwambia aisahau.

Pingamizi lenye uzito ni la msimu: korosho husafirishwa miezi michache, meli haziji kila siku, mwajiri alipie siku zisizo na mzigo? Mombasa nako makuli waliajiriwa kwa siku kwa sababu hiyo hiyo. Waligoma 1939, wakagoma tena 1947, na katika miaka ya 1950 waajiri wakaanza kuwaingiza kwenye ajira ya mwezi. Bandari haikufa. Kilichobadilika ni nani abebe hasara ya siku tupu, ambayo kwa kibarua wa Mtwara hubebwa na familia yake peke yake.

Wala haihitajiki sheria mpya. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamhesabu kuwa mwajiriwa mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kibarua anayeitwa wa muda mwaka wa tatu sasa anakosa ushahidi tu wa kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: jina, tarehe, malipo. Msimamizi huyaandika hayo daftarini. Kila anapolipwa, kibarua apewe nakala.