Wapenda visu wa Marekani wamechoka na kisu cha kiwanda: muhunzi wa Congo naye aandike jina lake

Huko Marekani kuna watu wenye droo moja nyumbani ambayo watoto wamekatazwa kuifungua. Ndani yake mna visu: ishirini, arobaini, wakati mwingine mia moja. Wengi wa watu hao hawawindi wala hawachinji, na kisu wanachotumia jikoni ni kile cha bei rahisi kilichonunuliwa pamoja na sahani. Vile vya droo ni vya kutazama, kufungua na kufunga, kupaka mafuta, kumwonyesha rafiki anapokuja siku ya Yenga. Ni kama vile wengine wanavyokusanya saa au tembre za posta.

Watu hao hufika siku moja mahali pamoja: wanachoka. Kiwanda kinatoa kisu kile kile, kinabadilisha rangi ya mpini, kinaandika kwenye sanduku kwamba toleo hili ni la pekee, na mpenda visu ananunua tena. Kisu cha Buck 110, kile cha kukunja chenye mpini wa mbao na shaba, kinatengenezwa tangu mwaka 1964, na wapo wenye zaidi ya kumi vya namna hiyo hiyo. Siku moja mtu anafungua droo yake, anaona kwamba ana vitu vingi lakini vyote ni kitu kimoja. Hapo ndipo anaanza kumtafuta fundi, mtu mmoja mwenye karakana yake, ambaye atamtengenezea kisu kimoja kwa kipimo cha mkono wake. Bei inapanda kutoka makumi ya dola mpaka mamia, na kwa mafundi wenye sifa mpaka maelfu. Na kungoja kunaweza kuchukua miezi, hata miaka.

Kabla ya kuwapigia makofi, ukweli usemwe. Kisu cha kiwanda si kibaya. Kazi ngumu kuliko zote katika kisu ni moto: chuma kipashwe mpaka kiwango chake, kizamishwe, kisha kipashwe tena kidogo ili kisivunjike kama kioo. Kiwanda kizuri kina tanuru linalopima joto kwa usahihi, na kisu cha elfu moja kinatoka sawa na cha kwanza. Fundi aliyeanza kazi mwaka jana anaweza kuuza kwa dola 400 kisu kizuri cha kutazama, lakini kikipewa nyama na mifupa kikashindwa mbele ya kile cha dola 60. Anayemwacha mwenye kiwanda kwa sababu anafikiri kila kazi ya mkono ina makali zaidi, atalipa sana ili ajifunze.

Basi wananunua nini? Jina. Wanataka kujua ni nani aliyekaa na chuma kile, na kisu kikiharibika, ni nani wa kuulizwa. Kiwanda hakina uso. Fundi ana uso, ana mlango wa kupigia hodi, na ana aibu.

Habari inayojulikana sana kati ya wapenda visu ni ya Bob Loveless, aliyekufa mwaka 2010. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa baharia. Aliingia katika duka moja kubwa la New York kununua kisu cha Randall, fundi wa Florida aliyekuwa na sifa wakati ule. Akaambiwa angoje miezi tisa. Loveless hakungoja. Alienda mahali wanapotupa magari mabovu, akachukua chuma cha resori ya gari la Packard la mwaka 1937, akakipasha kwenye jiko la meli, akajitengenezea kisu chake. Baadaye alikuwa mmoja wa mafundi walioheshimiwa kuliko wote duniani. Kwenye visu vyake yameandikwa mambo machache: jina lake, neno linalosema yeye ndiye mtengenezaji, na mji wake, Riverside, California. Kwa maandishi hayo madogo, watu wanalipa leo maelfu ya dola.

Msomaji wa Butembo au wa Uvira atakuwa ameshacheka. Resori ya gari! Ni chuma gani kingine muhunzi wa Kivu anatumia? Resori za malori yaliyokufa barabarani ndizo zinazotoa visu, majembe, mundu na shoka mahali pengi mashariki mwa Congo. Muhunzi ana mvukuto, ana makala, ana kipande cha chuma kizito kilichokuwa cha kazi nyingine na sasa ndicho fuawe lake. Kijana anapuliza moto, mzee anapiga. Na wengi kati yao wanajua, bila kipimo chochote cha digrii, ni rangi gani ya moto inayosema chuma kimeiva. Loveless alianza pale pale wanapoanzia wao. Hata jiko lake la meli halikuwa bora kuliko tanuru la kijijini.

Tofauti inaanza sokoni. Kisu cha muhunzi kinawekwa chini, juu ya gunia, karibu na kisu chenye mpini wa plastiki kilichotoka ngʼambo kwa meli. Kile cha ngʼambo kina jina limeandikwa kwenye chuma, hata kama ni jina ambalo hakuna anayelijua. Kile cha muhunzi hakina kitu. Mnunuzi anashika viwili, anapinda kidogo, anauliza bei, anapunguza. Kisu kikiwa kizuri, kikidumu miaka kumi, hawezi kumwambia jirani yake akatafute cha nani. Kikiwa kibaya, hawezi kurudi kwa mtu. Muhunzi hodari na muhunzi mvivu wanalipwa bei moja, kwa hiyo mvivu ndiye anayepata faida. Wazee wakifa, vijana hawaoni sababu ya kurithi mvukuto.

Ubaya huu si wa jana. Visu vya Congo ni kati ya vitu ambavyo watu wa Ulaya na Marekani wanavitafuta kwa hamu: visu vilivyopindwa kama mundu vya Wamangbetu wa Uele, panga za Wangbandi, visu vya kurusha vya kaskazini, ikul ya Wakuba yenye sura ya jani. Vingi viko Tervuren, karibu na Brussels, katika jumba la makumbusho la Afrika ya Kati. Vingine viko katika nyumba za watu binafsi. Mara nyingi jina la mzungu aliyekipeleka kisu Ulaya limehifadhiwa. Kabila limeandikwa. Jina la muhunzi aliyekipiga halipo. Na si kwamba Waafrika wenyewe walimdharau muhunzi. Kwa Waluba, habari za kazi ya chuma zinakwenda pamoja na habari za wafalme. Huko London, katika British Museum, kuna sanamu ya mfalme wa Wakuba ambaye mbele yake, kama alama ya utawala wake, pamechongwa fuawe. Mfalme alikubali kukumbukwa kwa chombo cha muhunzi. Aliyevikusanya hakuona lazima ya kuuliza muhunzi anaitwa nani.

Congo imo pia katika visu vipya vya hao Wamarekani, na huko pia imo kimya. Mipini mingi ya mafundi wao ni ya mbao nzito nyeusi yenye mistari iitwayo wenge, mti wa msitu wa Congo na wa nchi jirani, ambao hapa wengi wanaujua zaidi kwa sababu ya bendi ya Wenge Musica kuliko kwa sababu ya mbao. Na kuna chuma cha Japani kinachoitwa VG-10, kinachopendwa kwa visu vya mfukoni na vya jikoni, ambacho kinachanganywa na kobalti kidogo, karibu asilimia 1.5. Hakuna anayeweza kusema gramu fulani ilitoka Kolwezi. Lakini Congo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na mpenda visu anayejua jina la mtaalamu aliyebuni chuma chake, joto la tanuru na ugumu wake kwa namba, hajui kama kuna mtu aliyekaa ndani ya shimo kwa ajili yake. Anasema amechoka na vitu visivyo na mtu nyuma yake. Sawa, aendelee kuuliza mpaka mwisho, asisimame kwa fundi peke yake.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba si saa ya kusifu visu. Wana haki. Katika eneo la Beni, tangu mwaka 2014, watu wengi wamechinjwa kwa panga usiku, na zipo familia ambazo hazitaki kuona makali marefu mlangoni. Anayebeba panga njiani anatazamwa vibaya, hata akiwa anaenda shambani. Jambo hilo lisipitwe haraka. Lakini panga za wauaji hazikuja na jina la mtu. Panga lisilo na mwenyewe ndilo linalofaa kwa kazi ya giza. Muhunzi anayejulikana na mtaa wake, anayeandika jina lake kwenye chuma, anajua anamuuzia nani, na wakubwa wa mtaa wanajua pa kumkuta. Na Wakuba wana hadithi ya zamani kuhusu mfalme wao Shyaam wa karne ya 17: aliwakataza watu wake kisu cha kurusha, akawapa ikul. Tangu hapo ikul inavaliwa kiunoni kama dalili ya amani na heshima, na nyingine zina makali ya mbao tupu.

Kazi ya kuandika jina haihitaji mashini wala msaada kutoka ngʼambo. Wateja wa kwanza hawatakuwa Wamarekani. Watakuwa muuza nyama wa Kadutu ambaye kisu chake kinachoka kabla ya saa sita, mama anayekata lengalenga kila asubuhi kwa ajili ya soko, mwenye hoteli anayebadilisha visu vya jikoni kila miezi mitatu. Hao wakipata kisu kinachodumu, chenye jina, watalirudia jina hilo. Mgeni mwenye droo yake atafuata, kama akifuata.

Lakini jina peke yake halitoshi. Liwe na jaribio. Wahunzi wa Marekani wana chama chao tangu mwaka 1976, na anayetaka kuitwa fundi kamili hapimwi kwa maneno. Anatengeneza kisu mwenyewe, analetwa mbele ya fundi mkubwa, anakata kwa pigo moja kamba nene inayoningʼinia bila kushikwa chini. Kisha anakata ubao wa kujengea, vipande viwili. Kisha, kwa kisu hicho hicho bila kukinoa, ananyoa nywele za mkono. Mwishoni kisu kinabanwa na kupindwa mpaka nyuzi 90. Kikivunjika, mtu anarudi nyumbani. Kisu kimeharibika, hakiuzwi, na hapo ndipo thamani ya vingine vyote inapatikana. Wahunzi watano wa mtaa mmoja wangeweza kufanya hivyo siku ya soko, mbele ya watu, kwa kamba ya mkonge na ubao wa msonobari. Watu wangejaa.

Wachunge pia jina lisiibiwe. Huko Ufaransa, kijiji cha Laguiole kiliupa ulimwengu kisu cha kukunja chenye sura ya mdudu mgongoni. Jina halikulindwa mapema, na leo visu vilivyotengenezwa Asia vinauzwa kwa jina la Laguiole kila mahali, huku kijiji kikipoteza miaka mahakamani. Hata Loveless, wapo wanaomuiga na kuuza visu vya uongo kwa jina lake. Muhunzi aandike jina lake na la kijiji chake, na chama cha wahunzi, pale kilipo, kiweke daftari la alama zote: nani, wapi, alama gani.

Alama yenyewe inatoka katika tindo ya zamani. Inapashwa mpaka iwe nyekundu, inafukiwa katika majivu ya moto ipoe polepole usiku kucha, na asubuhi imekuwa laini, inakubali tupa. Herufi zinachongwa kwenye ncha yake, tindo inarudishwa motoni na kuzamishwa katika mafuta, inapashwa tena kidogo isije ikapasuka, na sasa ni ngumu kuliko kisu ambacho bado hakijazamishwa. Pigo moja la nyundo, jina limebaki. Ila herufi zichongwe kinyume, kama zinavyoonekana katika kioo; fundi wa mara ya kwanza husahau, na kisu chake cha kwanza kinatoka na jina lililogeuka.